Ongeza besi kabla ya wati

Dar es Salaam

Swahiba wangu,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto hapo Tanga. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Barua yako nimeipata na nimeisoma kwa utulivu, maana swali lako ni la pesa nyingi na sikutaka kukujibu kwa pupa. Unasema risiva yako, ile mashine inayoendesha spika za sinema yako ya nyumbani, ni ya wati 80 kwa kila spika, spika ni tano za omu 8 (kipimo cha ukinzani wa umeme), sabufa, ile spika ya besi, ni ya inchi 10, na muuzaji anakusukuma ununue amplifaya ya nje ya wati 200 ili sinema "iamke". Unataka kujua kama umsikilize yeye, au pesa hiyo iende kwenye sabufa.

Iende kwenye sabufa. Nakueleza sababu, halafu nitakwambia pia ni katika nyumba ya namna gani ningejibu kinyume, uone mwenyewe kama yako ni hiyo.

Chukua hizo wati 200. Kutoka 80 kwenda 200 umeme umeongezeka mara mbili na nusu, lakini sikioni hiyo ni nyongeza ya desibeli 4 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Kila ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3, basi. Mpaka sikio likiri kwamba sauti imekuwa maradufu, inabidi ipande kama desibeli 10, na desibeli 10 zinataka wati mara kumi. Kwa hiyo kupata maradufu ungehitaji amplifaya ya wati 800 kwa kila spika, na spika zako haziwezi kuubeba moto huo. Umeniandikia kwamba kwenye karatasi zake zinatajwa desibeli 88 kwa wati 1, umbali wa mita 1. Wewe unakaa mita 3 kutoka kwenye spika. Hata tusipohesabu kuta zinazokurudishia sauti, wati 1 inakufikia ikiwa na desibeli 78 hivi, na hicho tayari ni kiasi kizuri cha kutazama na familia. Wati 80 zinakufikisha 97, nacho ni kishindo cha kupita mara moja, si cha kukaa nacho filamu nzima. Una wati za kutosha, ndugu yangu. Unachokosa kiko kwingine.

Na umekitaja mwenyewe. Hukulalamika kwamba maneno ya waigizaji hayasikiki, wala kwamba risiva inachemka na kujizima. Umeandika kwamba bomu likilipuka "linapiga kofi tu, halitikisi", na radi inasikika kama mtu anakunja bati. Hiyo ni dalili ya kukosa sauti za chini kabisa, chini ya hezi 40 (mitetemo 40 kwa sekunde), na spika zako tano hazikuundwa kwa kazi hiyo hata ukizipa wati ngapi. Sikio letu nalo ni zito huko chini. Sauti ya hezi 1,000 tunaianza kuisikia karibu na desibeli sifuri, lakini ya hezi 31 haianzi kusikika kabisa mpaka ifike karibu na desibeli 60. Wanaotengeneza sauti za sinema wanalijua hilo. Katika mfumo wa 5.1, yaani wa spika tano kama wako, ile .1 ni njia ya besi peke yake, na kwa kipimo cha ukumbi wa sinema imeachiwa kilele cha desibeli 115, wakati kila spika ya kawaida kilele chake ni 105. Mzigo mzito wa filamu unaangukia kwenye lile boksi moja lililo pembeni ya televisheni.

Boksi lenyewe linafanya kazi ya kusukuma hewa, na hewa ndiyo ghali. Ukitaka kushuka kutoka hezi 40 hadi 20 kwa nguvu ileile ya sauti, unahitaji kusukuma hewa mara nne. Koni ya inchi 12 ina eneo kubwa kuliko ya inchi 10 kwa asilimia 44 hivi, na ya inchi 15 ni zaidi ya maradufu. Ndiyo maana namba ya wati iliyobandikwa mbele ya boksi dogo hainishtui hata iwe ya maelfu. Namba hizo za PMPO, yaani kilele cha kufumba na kufumbua, ni za kuuzia. Angalia wati za RMS, zile inazoweza kuzitoa mfululizo, angalia ukubwa wa koni, angalia inashuka mpaka hezi ngapi kabla ya kuishiwa.

Sasa nije kwenye sebule yako, na hapa nisome polepole, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapopotezea pesa. Umesema chumba ni mita 5 kwa 4, tofali za sementi, vigae chini, na kochi umeliweka katikati ili watoto wapite nyuma. Wimbi la hezi 34 lina urefu wa mita 10 hivi, yaani mara mbili ya sebule yako. Linatoka kwenye sabufa, linagonga ukuta wa nyuma, linarudi, na linapokutana na lile linalokuja, katikati ya chumba yanafutana. Kwenye kuta zote mbili besi inajaa, katikati haipo. Upande wa mita 4 una tabia hiyohiyo kwenye hezi 43. Ukuta wa tofali ni mgumu, haumezi besi kama zile kuta za mbao na jipsamu za Marekani, kwa hiyo tatizo kwetu ni kali zaidi. Jaribu leo usiku: weka kipande cha filamu chenye ngurumo ndefu, simama mbele ya kochi, kisha rudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mgongo uguse ukuta. Ile radi uliyoitafuta utaikuta huko nyuma ya kochi.

Shimo la namna hiyo halizibwi kwa nguvu. Ukiongeza wati, wimbi linalokwenda linakua na linalorudi linakua vilevile. Ni kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja, kila mtu na upande wake: uwashibishe wote wawili, mlango utabaki palepale.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, fanya haya. Sogeza kochi nyuma, hata nusu mita au mita moja kutoka katikati. Mwombe shemeji radhi kwa ajili yangu. Halafu beba sabufa uiweke juu ya kochi, pale hasa unapokaa wewe, piga muziki wenye gitaa la besi linalopanda na kushuka noti moja moja, dansi la zamani linafaa sana, kisha tambaa kwa magoti kandokando ya kuta ukisikiliza. Pale utakaposikia noti zote zina uzito mmoja, hakuna inayovimba wala inayopotea, hapo ndipo sabufa ikae. Inaonekana kituko, lakini sauti kati ya sehemu mbili inapita njia ileile hata ukibadilishana nafasi na boksi.

Baada ya hapo ingia kwenye mpangilio wa risiva. Nina hakika spika zako za mbele zimewekwa kama spika kubwa, maana risiva nyingi zikijipima zenyewe huamua hivyo. Ziweke zote tano kuwa ndogo, na krosova, yaani mpaka ambao sauti za chini yake zinakwenda kwenye sabufa, iwe kwenye hezi 80. Ndicho kiwango walichokichagua THX, wanaoweka viwango vya sauti za sinema, kwa sinema za nyumbani, na kwa spika za ukubwa wa zako kinafaa. Usidhani unazishusha hadhi. Besi ndiyo inayokula umeme mwingi, na ukiihamishia kwenye sabufa, ambayo ina amplifaya yake ndani, risiva inapumua. Yaani ile nafuu uliyotaka kuinunua kwa amplifaya ya nje, sehemu yake kubwa imo kwenye menyu na ni bure.

Kile kitufe cha fezi nyuma ya sabufa, cha sifuri na 180, kinachogeuza wimbi liende kinyume, mwache mmoja wa watoto akigeuze wewe ukiwa umekaa. Chagua upande ambao besi inasikika nzito zaidi.

Ukishafanya hayo na bado unaona pengo, na nadhani utaliona kwa sababu sabufa ya inchi 10 kwenye sebule ya ukubwa huo inachoka mapema, ndipo ununue. Ningekuwa mimi, nisingetupa ile ya zamani kukimbilia moja kubwa kama bado ni nzima na ya pili yake inapatikana. Ningetafuta pacha wake. Sabufa mbili zinazofanana zikisukuma pamoja zinakupa mpaka desibeli 6, zaidi ya ile amplifaya ya wati 200 ingekupa kwenye spika. Na faida kubwa si hiyo hata. Ukiweka moja katikati ya ukuta wa mbele na nyingine katikati ya ukuta wa nyuma, zile hezi 34 haziamshwi tena kama zamani, kwa sababu kila sabufa inalivuruga wimbi ambalo mwenzake angelijenga. Shimo linapungua kwako na kwa kila aliyekaa kwenye kochi. Todd Welti wa Harman, kampuni ya vifaa vya sauti kule Marekani, alilifanyia utafiti jambo hili na mwaka 2002 akaonyesha kwamba sabufa mbili katikati ya kuta zinazotazamana zinafanya kazi karibu sawa na nne. Kama pacha haipatikani, uza hiyo, nunua ya inchi 12 iliyo madhubuti, na ya pili itafuata Mungu akijalia. Usichanganye kubwa na ndogo. Ile ndogo itaanza kukoroma wakati kubwa bado inacheza.

Amplifaya ya nje ningekushauri kama spika zako zingekuwa za omu 4 zenye kiu, za desibeli 83 au 84 tu kwa wati 1, kwenye ukumbi mkubwa, na risiva ingekuwa inajizima katikati ya filamu au sauti za juu zinakwaruza hata baada ya kuweka krosova. Hapo wati ni dawa. Na hata hapo ungechungulia kwanza nyuma ya risiva kama ina matundu ya kutolea sauti kabla haijakuzwa, kwa spika zote. Risiva nyingi za bei ya kati zina tundu la sabufa tu, na mtu anarudi nyumbani na amplifaya nzito isiyo na pa kuchomeka.

Jambo moja kuhusu kununua. Sabufa nzuri za mtumba zipo, hapa Kariakoo na Zanzibar, na nyingi zimetoka Japani. Geuza boksi usome kibandiko cha umeme. Umeme wa Japani ni volti 100, wetu ni 230. Ukichomeka moja kwa moja umeiunguza siku hiyohiyo. Inaweza kutumika kwa transfoma, lakini iwe transfoma yenye wati za kutosha, na bei yake uijumlishe kabla hujapatana. Pia piga koni kidogo kwa vidole na uangalie ile mpira ya pembeni. Kwenye joto la pwani huoza na kupasuka, na muuzaji huificha kwa wavu.

Jipsamu ya dari nayo itaanza kutetemeka na kupiga kelele, besi ikishaingia. Kaza skrubu zake na taa zake mapema.

Niandikie upesi vipimo viwili: kochi lilipo sasa kutoka ukuta wa nyuma, na upana wa ile nafasi iliyo katikati ya ukuta wa mbele chini ya televisheni. Nitumie na picha ya mgongo wa risiva. Nikishaviona nitazunguka madukani Jumamosi kukutafutia pacha, na nikiipata nitaisikiliza kwanza dukani kabla hujatuma pesa.

Msalimie sana shemeji, na wabusu watoto.

Wasalaam,
Rafiki yako wa siku zote