Mistari miwili mitupu katika daftari letu: barua kwa wanangu na wajukuu wenye farasi

Wanangu na wajukuu wangu wapendwa, pamoja nanyi vijana wa Lubumbashi mnaoamka alfajiri kusafisha mabanda nao,

Nawasalimu nyote kwa upendo. Nimepata habari kwamba mmekubaliana kumpeleka yule farasi jike wetu wa kijivu ng'ambo ya Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia, ili apandishwe na dume wa Kiarabu aliyesifiwa sana, na kwamba mtoto atakayezaliwa ndiye mnayetumaini kumwonyesha mbele ya waamuzi. Siwakatazi. Lakini kabla farasi huyo hajapanda lori, kuna jambo ambalo ninyi hamlijui na mimi nalijua, na nimechelewa mno kulisema.

Baba yangu alikuwa saisi katika mji huu tangu ulipoitwa Elisabethville. Mwaka 1960 bwana aliyemwajiri aliondoka kwa haraka, akamwachia farasi jike mmoja, matandiko mawili na daftari lenye jalada la kitambaa cheusi. Majirani wa Katuba walimwonea huruma, wakamshauri auze yote. Baba, ambaye Kifaransa alikisoma kwa shida, alilifunga daftari hilo katika mfuko wa plastiki akaliweka juu ya kabati, mahali ambapo maji ya mvua hayangelifikia. Matandiko yalikwisha kuoza, na farasi yule alikufa kwa uzee. Daftari lingali mikononi mwenu. Ndani yake kuna majina ya mama, bibi na mama wa bibi wa kila farasi mnayempiga brashi leo.

Mabedui waliowakuza farasi hawa wa Kiarabu jangwani waliuhesabu ukoo wa farasi kwa upande wa mama. Ndiyo maana hata leo watu hutaja koo tano mashuhuri, Kehilan, Seglawi, Abeyan, Hamdani na Hadban, na kila moja hufuata damu ya majike. Nyumbani kwetu jambo hili halikuhitaji kufafanuliwa, kwa kuwa sisi Walamba nasi huuhesabu ukoo kwa mama. Baba alipolisikia mara ya kwanza alitikisa kichwa tu, akasema kwamba watu hao wanajua kuhesabu.

Hata Lady Anne Blunt, Mwingereza aliyejifunza Kiarabu na kusafiri hadi Najdi, katikati ya Arabia, alikuwa akiuliza ukoo wa kila farasi na kuuandika. Yeye na mumewe Wilfrid walianzisha zizi lao la Crabbet, kusini mwa Uingereza, mwaka 1878, na damu ya farasi wao imeenea duniani kote. Kwa huzuni, baada ya kifo chake mwaka 1917, Wilfrid na binti yao Judith walishtakiana mahakamani kwa ajili ya farasi hao, na hukumu ikatolewa mwaka 1920. Nalitaja hili kwa sababu nimesikia pia maneno makali yaliyosemwa kati yenu tangu tulipomaliza matanga ya kaka yenu mkubwa. Kuhusu mgawanyo wa mali nitazungumza nanyi ana kwa ana.

Sasa fungueni ukurasa wa ishirini na saba. Mtaona mistari miwili mitupu, mmoja chini ya mwingine, kati ya maandishi yangu. Hapo palipaswa kuandikwa watoto wawili wa farasi.

Wa kwanza alizaliwa mwishoni mwa kiangazi, mwekundu, mwenye doa jeupe kati ya pua zake. Alisimama kabla saa moja haijapita, akanyonya dang'a vizuri, na kwa majuma kadhaa hapakuwa na mtoto mzuri kuliko yeye. Kisha akaanza kukohoa. Kamasi nzito za manjano zilitoka puani, nami nilizifuta kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kila baada ya muda mfupi. Dawa alizochoma daktari wa mifugo zilimpa nafuu ya siku mbili, tatu, halafu homa ikarudi. Usiku wa mwisho alikuwa ameegemeza paji lake kwenye ubavu wa mama yake, na pumzi zake nzito zilisikika hadi nje ya banda. Asubuhi nilimzika. Juma lile lile alikuwa anakuja mnunuzi wa dada yake, nami nikaogopa kwamba akilisoma jina la mtoto aliyekufa atarudi na fedha zake. Nikauacha mstari mtupu. Baada ya miaka miwili niliwapandisha tena jike na dume wale wale, kana kwamba hakuna lililotokea, na mtoto wa pili akafa vile vile.

Niliwaambia ninyi nyote kwamba ni baridi iliyowapata mapafuni. Huo haukuwa ukweli wote, kwa kuwa moyoni nilikuwa nimekwisha kushuku damu. Nawaomba radhi.

Ugonjwa unaoua kwa namna hiyo umejulikana kwa wataalamu tangu mwaka 1973: mtoto wa farasi wa Kiarabu huzaliwa bila kinga ya mwili, kinga ya dang'a humlinda kwa majuma machache, na ikiisha hufa kwa maradhi ya mapafu kabla ya kutimiza miezi mitano. Mwaka 1997 kasoro yenyewe ilitambuliwa katika urithi wa damu, na tangu hapo inapimwa. Farasi mwenye kasoro hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu ni mzima kabisa, hukimbia, huzaa na hushinda maonyesho. Hatari huja wabebaji wawili wa namna hiyo wanapopandishwa, kwa maana kila mtoto wao ana nafasi moja kati ya nne ya kuzaliwa mgonjwa. Jike wetu wa kijivu ni mjukuu wa yule aliyezaa watoto wale wawili. Hesabuni wenyewe.

Katika maonyesho ya Ulaya waamuzi hutoa alama hadi 20 kwa kila jambo kati ya matano: umbo linalolingana na aina ya farasi huyo, kichwa na shingo, kiwiliwili na mgongo, miguu, na mwendo. Hakuna hata moja kati ya hayo matano linaloonyesha kilichomo katika damu. Kwa hiyo mpimeni kwanza, na mwombeni mwenye dume cheti cha kipimo bila kuona haya. Jike wetu akionekana kuwa mbebaji, msimuuze kwa siri wala msimtupe. Mpandisheni na dume aliyethibitishwa kuwa safi, na watoto wake nao wapimwe. Kipimo hufanywa kwa nywele za singa au za mkia. Zing'oeni, msizikate, kwa sababu kinachohitajika ni mizizi yake, kisha mzifunge katika karatasi kavu na kuandika jina la kila farasi juu yake.

Na kwa kuwa mvua zi karibu, warudisheni mabandani kabla jua halijazama, maana usubi unaoleta tauni ya farasi huruka usiku. Tarehe ya chanjo nayo iandikwe.

Jumapili, baada ya misa, nileteeni daftari na kalamu ya wino. Nataka kuijaza mistari ile miwili kwa mkono wangu mwenyewe, nikiandika mama, baba, rangi, siku ya kuzaliwa na siku ya kufa. Tarehe za yule mwekundu bado nazikumbuka.

Mimi, babu yenu,
Lubumbashi