Usiwekee Stata ya Volti 6 Betri ya Volti 12

Mteja wetu mmoja ana Ford Model A ya 1929 ambayo huikodisha kwa harusi. Tulimtengenezea stata, ile mota ya kuwashia injini, akalipa, akaondoka ameridhika. Wiki mbili baadaye gari likagoma nje ya kanisa, bibi harusi yumo ndani. Akanipigia simu kwa hasira: "Fundi, umekula pesa yangu!"

Nilikwenda mwenyewe. Betri ya Model A hukaa chini ya miguu ya dereva, basi nikainua ubao wa sakafu. Badala ya betri yake ya volti 6, nikakuta ya volti 12 iliyotolewa kwenye Probox. Mtu alimwambia volti 6 ni umeme wa tochi, na kweli, kwa siku chache stata ilizunguka kwa kasi ambayo hajawahi kuisikia. Halafu springi ya Bendix, kifaa kinachoiunganisha stata na injini, ikakatika.

Stata hizi zina gia ndogo inayokimbia kwenye shafti yenye mzunguko kama wa skrubu hadi ikamate meno ya flaiwili, gurudumu zito la injini. Springi ndiyo inayomeza kishindo cha kukutana. Ukiongeza volti maradufu, gia inagonga kwa nguvu ambayo springi haikuundwa kuibeba. Springi si ghali. Lakini meno ya flaiwili nayo yalikuwa yamepasuka, na kuyafikia ni lazima ushushe ekseli ya nyuma na giaboksi. Ni kazi ya siku kadhaa, na bili ilikuwa mara nyingi zaidi ya ile aliyoiona kubwa mwanzoni.

Mteja mwingine, msomaji sana, alinibishia. Akasema Charles Kettering, aliyeiwekea Cadillac ya 1912 stata ya umeme, alitumia volti 24. Ni kweli, mzee wangu. Lakini mota ile ilisukwa kwa volti hizo, na baada ya injini kuwaka mfumo ulirudi volti 6 kwa kuchaji. Ujanja wa Kettering aliutoa kwenye mashine za kuhesabia fedha huko Dayton: mota ndogo inaweza kubebeshwa mzigo mkubwa mno, mradi iwe kwa sekunde chache. Ndiyo maana nawasihi wateja wasikanyage swichi dakika nzima. Amacha, sehemu ya mota inayozunguka, inaungua.

Mara nyingi stata yenyewe haina ugonjwa. Umeme wa volti 6 unahitaji ampea, yaani mkondo, maradufu kufanya kazi ileile, kwa hiyo kebo lazima iwe nene. Gari la mteja wetu wa harusi lilifungwa kebo nyembamba za gari la kisasa, na waya wa athi, unaounganisha betri na chesisi, umekazwa juu ya rangi inayozuia umeme. Piga stata, kisha shika kebo: ikiwa na joto, nguvu yako inaishia humo. Na kwenye Model A athi ni chanya, wengi hugeuza.

Kwa hiyo tunapotoza, hatutozi brashi na bushi tu. Tunakereza komyuteta, sehemu ya amacha inayoguswa na brashi, tunakwangua rangi, tunapima volti kutoka betri hadi stata huku injini ikizungushwa. Sitaacha kufanya hivyo ili bei ipungue.

Wapo wanaokata tamaa na stata wakarudia hendeli ya kuzungusha injini kwa mkono. Kijana mmoja alizungusha Model T ya babu yake huku mkono wa cheche, ule wa kushoto chini ya usukani unaopanga wakati wa cheche, ukiwa umeshushwa. Cheche ikawahi, hendeli ikarudi nyuma, kifundo cha mkono kikavunjika. Mkono wa cheche uwe juu kabisa, kidole gumba kiwe upande mmoja na vidole vingine, na uivute hendeli kwenda juu, usiisukume chini. Tena baba yake alikuwa amepinda pointi za koili zote nne zinazotoa cheche, akizirekebisha kwa kusikiliza mlio. Sisi tunazipima kwa ampea, 1.3 kila moja, kwa sababu sikio halisikii ampea.

Ukituletea stata, njoo na betri na kebo zake pia. Na kebo nene za zamani usiziuze kwa wanunuzi wa shaba.