Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam: kabla ya kusogeza kengele, mtafutie mwanafunzi nafasi kwenye gari

Mheshimiwa, shikamoo.

Nakuandikia kutoka stendi ya Chanika, ambako nauza chai na chapati. Mkaa wangu unashika moto saa 10 alfajiri. Wateja wa kwanza ni madereva na makonda, wanaofuata ni wanafunzi, na mmoja wa wanafunzi hao ni binti yangu wa kidato cha pili. Yeye hanilipi.

Mezani pangu kuna mjadala usiokwisha: watoto wanaamka mapema mno, serikali isogeze mbele muda wa kuingia shule. Karibu kila mzazi anaafiki. Hata mimi naafiki, ila naomba nikueleze kwa nini muda ukisogezwa peke yake tutakuwa tumeongezewa tatizo.

Binti yangu alipangiwa shule ya mjini. Anatakiwa awe getini saa 1:00 asubuhi kamili, na mchelewaji anapokelewa kwa fimbo. Anapanda gari hadi Gongo la Mboto, anaunganisha lingine hadi Buguruni, kisha anatembea. Kwa hiyo anaamka saa 10:15. Jioni akishafika, akala, akamaliza kazi za shule, kichwa kinagusa mto saa 4:30 usiku. Hata saa sita za kulala hazifiki. Wataalamu wa usingizi wanasema mtoto wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10, na kwamba akishabalehe mwili wenyewe unachelewa kupata usingizi. Ukimlazimisha alale saa 2 atabaki anahesabu mabati. Wangu anarudi nyumbani na mstari mwekundu kwenye paji la uso, alama ya bomba la kiti cha mbele alilolilalia njia nzima.

Utaniuliza, kwa nini asipande gari la saa 12? Hapo sasa tuzungumze habari za konda.

Mwanafunzi analipa 200. Kwa viwango vilivyotangazwa mwishoni mwa 2023, mtu mzima analipa 600 kwa safari isiyozidi kilomita 10, na zaidi ya hapo kwa njia ndefu. Nafasi ya kusimama ni ile ile. Konda akipakia wanafunzi kumi wakati abiria wamejaa stendi, amepoteza si chini ya 4,000 kwa tripu moja, na jioni bosi anadai hesabu yake iliyotimia. Saa 11 alfajiri abiria ni wachache, hata denti, yaani mwanafunzi, anakaribishwa kwa jina la mrembo. Ikifika saa 12:15, mkono wa konda unaziba mlango: "Denti wawili tu! Wawili!" Waliobaki wanarudi kusimama kwenye vumbi, mabegi kifuani, wakisubiri mlango mwingine uwakatae. Wapo wasichana wanaojifunga kanga juu ya sketi ya shule ili wapande kama watu wazima na kulipa nauli nzima. Wangu amefanya hivyo mara mbili mbele ya macho yangu, na kanga ilikuwa yangu.

Makonda hawa nawajua, wengine nawakopesha chapati. Siwatetei. Ila hesabu wanayopiga ningekuwa mimi mlangoni sijui kama nisingeipiga.

Basi kuamka saa 10 ni ujanja ambao watoto wenyewe wameuvumbua ili wawahi gari lenye nafasi. Ukisogeza kengele kutoka saa 1 hadi saa 2, unawatoa kwenye gari la saa 11 na kuwaingiza kwenye vurugu za saa 12, pamoja na wafanyakazi wa Posta na wafanyabiashara wa Kariakoo. Ukisogeza hadi saa 3, asubuhi itapumua kidogo, lakini watatoka jioni wagombanie gari na watu wale wale, na mtoto wa kike atashuka Chanika giza limeshaingia.

Kijana wangu aliyeko chuo kanisomea kwamba hata Marekani jambo hili liliwakwamisha. California ilipitisha sheria mwaka 2019, ikaanza kazi 2022, kwamba sekondari zisianze kabla ya saa 2:30 asubuhi. Florida nayo ikapitisha ya kwake 2023, halafu 2025 ikaondoa ulazima wake kabla hata haijaanza kutumika. Kati ya mambo yaliyolalamikiwa ni mabasi: basi lile lile linapeleka wakubwa, linarudi kuchukua wadogo, na ukigusa zamu moja unavuruga zote. Na hao wana mabasi ya shule! Sisi tuna huruma ya konda.

Suala la fedha nalo nisilipite. Ada ya sekondari ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, ikafutwa 2016, na tulishukuru. Nauli ya binti yangu, magari mawili kwenda na mawili kurudi, ni 800 kwa siku. Kwa siku 194 za masomo ni 155,200, bila kuhesabu siku za kanga.

Ombi langu ni hili. Mwenye daladala afidiwe pengo la nauli kwa kila mwanafunzi anayempakia asubuhi, ili mtoto wa 200 awe na thamani ile ile mlangoni. Operesheni za kukamata makonda tumeziona: trafiki akisimama, denti wanapakiwa, akiondoka, mkono unarudi mlangoni. Jaribuni njia moja tu, hii ya Chanika hadi Buguruni, kwa muhula mmoja. Njia ya mabasi ya mwendokasi awamu ya tatu inaishia Gongo la Mboto. Sisi wa nyuma ya Pugu bado ni abiria wa daladala. Mkiona mtoto anapanda gari la kwanza linalofika, sogezeni kengele za sekondari hata kesho yake. Wa msingi wanaosoma jirani na kwao na kwenda kwa miguu waacheni na saa zao. Na wanaopanga kidato cha kwanza wawe wanatazama mtoto analala wapi.

Njoo ujionee, Mheshimiwa, siku yoyote ya shule, saa 12:15 asubuhi. Usije na msafara, maana makonda wakiuona watapakia hadi chekechea. Vaa kawaida, simama kwenye meza yangu, ipo karibu na gari za Buguruni. Chai ni ya rangi, ina tangawizi. Hiyo hulipi.

Ni mimi,
Muuza chai wa Chanika