Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Dodoma: gunia si kipimo

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Mbukwenyi!

Nakuandikia kama mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa, wanachama 18, wilaya ya Chamwino. Sikusomea uchumi. Nilicho nacho ni daftari, na msemo tuliopewa siku ya kwanza ya kikundi: mali bila daftari hupotea bila habari. Mwaka jana nikajifunza kwamba mali hupotea hata daftari likiwepo, tena limepigwa mistari kwa rula.

Tulikusanya mahindi ya wanachama wote sehemu moja, tukayapima kwa mizani ya kuning'iniza tuliyoazima kwa mnunuzi wa zabibu. Zikatimia kilo 6,000. Tangazo la bei lililobandikwa ubaoni lilisema gunia la mahindi ni shilingi 70,000, na gunia kila mtu anajua ni kilo 100. Nikapiga hesabu mbele ya kikundi: magunia 60, shilingi 4,200,000. Mkopo pamoja na riba tulidaiwa 3,800,000. Zinabaki 400,000. Jioni hiyo tukaanza kubishana kama zinunue mbuzi au mabati.

Tulipofika gulioni (silitaji, kwa sababu si hilo peke yake) bei ilikuwa 70,000 kweli. Tangazo halikusema uongo. Vijana wakamimina mahindi, wakalitikisa gunia, mmoja akapanda juu akashindilia kwa miguu, wakamimina tena. Lilipojaa wakaliongezea kichwa, wakakifunika kwa kipande cha kiroba, wakashona kwa shazia na kamba ya katani mpaka gunia likatoka na nundu kama ng'ombe wa kienyeji. "Hilo ndilo gunia, mama," dalali akaniambia. Hakuwa mkali. Alinieleza kama mtu anavyomwelekeza mgeni njia.

Nikaomba tupime matano kabla hayajapanda kwenye Fuso. Kilo 104, 118, 121, 127, 133. Wastani wake ni kilo 120 na nusu hivi. Mzigo wetu wa magunia 60 ukatoka magunia 49, na kilo kama 90 za kugawana. Mara 70,000, ni shilingi 3,430,000. Zile 400,000 za mbuzi hazikuonekana, na badala yake tulipungukiwa 370,000, zikakatwa kwenye hisa zetu. Kuna mwanachama hajanisalimia vizuri tangu siku hiyo, na simlaumu. Hesabu niliipiga mimi.

Sikuandikii ili uturudishie fedha hizo. Wala siandiki kukukumbusha kwamba Sheria ya Vipimo, Sura 340, ipo, au kwamba gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Unajua. Lumbesa, yaani gunia la kushindiliwa na kuongezwa kichwa kama nilivyoeleza, imekemewa majukwaani miaka mingi, na kila mara inashangiliwa kukemewa. Wengi wanaizungumza kama dhuluma kwa mkulima, na ni kweli. Mimi nataka kuisema kwa upande wako wewe, kwa sababu nadhani inaidhulumu na ofisi yako.

Chukua bei kwanza. Gunia la 70,000 likiandikwa kuwa la kilo 100, karatasi inasema kilo moja ni shilingi 700. Lakini kwa yale magunia yangu kilo ilikuwa kama 580, na lile la 133 lilikwenda kwa 526. Sasa njoo kwenye mavuno. Afisa ugani anamuuliza mkulima amepata magunia mangapi kwa ekari. Anajibiwa manane, anaandika kilo 800. Kama mkulima alikuwa anahesabu magunia ya gulioni, zile zilikuwa kilo 960 na ushee. Gunia lilelile limekuza bei na kupunguza mavuno kwa pamoja. Anayesoma karatasi hizo mbili akiwa ofisini anaona mkulima anayelipwa vizuri katika mkoa wenye chakula kidogo. Huku chini kuna mkulima anayelipwa vibaya, na chakula kipo zaidi ya kinachoandikwa.

Kwa picha ile ya karatasini, dawa itakayopendekezwa inajulikana: zuia mahindi yasitoke. Tumeshaipitia. Juni 2017 serikali ilizuia mahindi yasiyosagwa kuuzwa nje ya nchi kwa hofu ya njaa. Msimu uliofuata bei ikaporomoka, na waliokuwa wameweka akiba ghalani wakaumia. Sisemi zuio peke yake ndilo lililoangusha bei, maana mavuno nayo yalikuwa makubwa. Kujua kipi kilichangia kiasi gani ndiyo kazi wanayosomea wachumi na watakwimu, na hawawezi kuifanya vizuri kama kilo wanazopewa si kilo.

Mtu ataniambia: basi zidisha kwa 1.2, yaishe. Yangeisha kama magunia yote yangekuwa na kilo 120. Kosa lenye ukubwa unaojulikana hurekebishwa kwa kalamu. Lakini matano yangu yalianzia 104 yakafika 133, kwa siku moja, mzigo mmoja, mikono ileile ya vijana walewale. Nyumbani tunafunga ya 100. Msimu wa mahindi mengi mnunuzi anadai nundu kubwa, ukame ukija nundu inapungua. Kwa hiyo ubao unaweza kusomeka 70,000 mwaka mzima huku bei ya kilo ikipanda na kushuka ndani ya gunia, na ofisi isijue. (Najua pia kwamba magunia matano ni machache na yote ni ya mtu mmoja. Sidai ni takwimu rasmi. Ndiyo maana naomba wapime wenye kazi hiyo.)

Nakuomba mambo mawili, na la pili ndilo gumu.

La kwanza ni bei kutangazwa kwa kilo, iliyopimwa, na tarehe yake. Isiwe namba moja bali tatu: ya chini, ya juu, na ya katikati, yaani ukizipanga bei za siku hiyo kuanzia ndogo hadi kubwa unachukua iliyo katikati. Wastani peke yake haunisaidii. Sisi wa Dodoma hilo hatuhitaji kufundishwa na mtu. Mvua yetu kwa mwaka ni kati ya milimita 500 na 600, ukisoma hivyo unaona mahindi yatakubali. Lakini inaweza kunyesha Desemba na Januari yote, ikakatika Februari mahindi yakiwa yanatoa mbelewele. Babu zetu hawakulima kwa wastani, walilima uwele na mtama wakiuwazia mwaka mbaya. Na mimi nikienda kukopa kwa niaba ya watu 18, ninachotaka kujua ni ile bei ya chini. Kama mkopo unalipika kwa bei ya chini, nasaini. Kwa namba tatu hizo za kila mwezi naweza pia kupima kama inalipa kuweka mahindi ghalani mpaka Januari, nikishatoa gharama ya mifuko, dawa na riba ya miezi yote hiyo. Leo jambo hilo tunaliamua kwa kubahatisha, na wengi tunauza Julai kwa sababu ada haisubiri.

Wala si jambo geni hapa. Zabibu hapahapa kwetu zinauzwa kwa kilo, mkulima anaiangalia mizani kwa macho yake. Tunda linalokwenda kuwa mvinyo linapimwa, chakula kinashindiliwa kwa miguu.

Na kutangaza bei kunafanya kazi. Mchumi Robert Jensen alifuatilia wavuvi wa dagaa katika jimbo la Kerala, kusini mwa India, simu za mkononi zilipoanza kufika huko mwaka 1997. Kabla ya simu mvuvi alifika pwani akakuta wanunuzi wamejaza, akamwaga samaki baharini, huku pwani ya jirani kilomita chache tu watu wakirudi nyumbani bila kitoweo. Kati ya asilimia 5 na 8 ya samaki walikuwa wanatupwa hivyo. Simu zilipofika na bei zikajulikana, kutupa karibu kukaisha, faida ya wavuvi ikapanda asilimia 8 na bei kwa mlaji ikashuka asilimia 4. Wote wawili walipata. Hata hivyo wale waliuliziana bei ya kipimo kimoja. Simu tunazo na sisi, tunapigiana kila asubuhi kuulizana gunia ni bei gani.

La pili: msianze mkoa mzima kwa agizo la siku moja. Maagizo ya hivyo tumeyaona, mizani inapigwa picha, baada ya wiki mbili imefunikwa turubai. Andikeni magulio na minada yote ya mkoa, kuanzia Kondoa hadi Mpwapwa, halafu chagueni nusu kwa kura. Nasisitiza kura. Mkichagua mahali penye mtendaji hodari patafanikiwa kwa uhodari wake, nanyi mtasema ni mizani. Kwenye nusu hiyo wekeni mizani, mtu wa kupima, na ubao wa bei kwa kilo. Matangazo hayohayo yapelekwe ofisi za kata zinazouzia hapo. Nusu nyingine iacheni ilivyo kwa msimu mmoja. Julai hadi Septemba mwandike pande zote mbili: mkulima alilipwa kiasi gani kwa kilo, magari mangapi yalikuja kununua, ushuru kiasi gani uliingia.

La wanunuzi nalitaja kwa sababu ndiyo hofu ya kweli. Dalali wetu alisema ukikataa lumbesa gari linahamia gulio la jirani. Huenda ni kweli. Kama ni kweli itaonekana, magulio yenye mizani yatakosa magari, na hapo tutajua kwamba dawa ni kuweka kote kwa pamoja au kutoweka kabisa. Kama si kweli, tutakuwa tumeogopeshwa bure miaka yote hii.

Ushuru nao utakueleza kitu. Pale unapokatwa kwa kuhesabu magunia, halmashauri ilipokea kwetu ushuru wa magunia 49 kwa mzigo wa 60. Mwambie mweka hazina wa halmashauri yoyote afanye hesabu hiyo kwa msimu mzima, nadhani mizani itapata mtetezi mwingine.

Sisi tutavuna tena Juni. Kikundi kimekubali mzigo wetu utumike kujaribia, popote kura itakapoangukia, hata ikiangukia nusu isiyo na mizani. Ya kuazima tutakuja nayo wenyewe.

Wako,
Mweka hazina wa kikundi,
Chamwino