Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Michezo wa chuo: tuambie tunakaa au tunasimama

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Habari za kazi. Mimi ni mzazi, kijana wangu anasoma hapo chuoni kwako na anapiga tromboni kwenye bendi, kwetu ni Tanga ila nimeshaishi huku Marekani muda mrefu mpaka Jumamosi ya vuli ikipita bila mpira wa vyuo, huu wa Kimarekani wa kushika kwa mikono, naona wiki haijaisha. Naandika Kiswahili makusudi kwa sababu Waswahili tunaokuja uwanjani kwako tumekuwa wengi na wote tunalalamikia kitu hikihiki, wewe dogo wangu atakutafsiria, usiwe na wasiwasi.

Kitu chenyewe ni hiki cha kukaa na kusimama. Kila mechi ya nyumbani watu wanagombana, na sio na mashabiki wa wageni, tunagombana sisi kwa sisi tuliovaa rangi moja. Wa nyuma anapiga kelele kaeni chini huko mbele, wa mbele anageuka anamwambia kama unataka kukaa baki kwenye sofa kwako, na wote wawili wamelipa, na wote wawili wanaamini wana haki. Mimi naona tatizo sio wao, tatizo ni ofisi yako, maana mmewauzia watu wawili vitu viwili tofauti kwa tiketi ya aina moja.

Kabla hujaniweka kwenye kundi la wazee wanaotaka uwanja uwe kama maktaba, nikuambie kusimama nakuelewa vizuri tu. Mpinzani akiwa na mpira, dauni ya tatu, yaani jaribio la tatu kati ya manne ya kusogeza mpira mbele, kelele zile ndio silaha yetu na mtu aliyekaa hapigi kelele kama aliyesimama, jaribu mwenyewe. Kwotabeki wa wageni, yule anayeongoza mashambulizi yao, anataka kubadilisha mchezo pale kwenye mstari, anapunga mikono, anawafuata wenzake mmoja mmoja masikioni, saa inakimbia, halafu jamaa mmoja wa mstari wa mbele anachomoka kabla ya mpira kutoka na wanarudishwa yadi 5. Hiyo tumeifanya sisi wa kwenye stendi. Na msiniambie sijui siku hizi kuna redio kwenye helmeti, ni kweli NCAA, wasimamizi wa michezo ya vyuo, wameruhusu tangu 2024 kocha aongee na mchezaji mmoja uwanjani, lakini mawasiliano yanakatwa saa ya kuanzisha mchezo ikibakiwa na sekunde 15, na wale wenzake kumi bado wanategemea masikio. Kwa hiyo simameni, pigeni kelele, na mimi nasimama.

Ila dauni ya tatu sio mechi nzima. Mechi inakula masaa matatu na nusu hivi, na sehemu kubwa ni kusubiri, yule jamaa wa kofia nyekundu anaingia uwanjani kwa ajili ya matangazo ya TV na wachezaji wote wanasimama wanakunywa maji, sasa na sisi tunasimama tunaangalia nini? Tunamwangalia mtu wa kofia nyekundu.

Msimu uliopita mama mkwe alikuja kututembelea, mtu mzima, magoti yamechoka, na hicho kimpira chenu cha kuchongoka hakimhusu, yeye alitaka kumwona mjukuu wake na tromboni. Nikalipia seksheni ya kona, ambayo kwenye ramani yenu haina maelezo yoyote, hakuna palipoandikwa hapa ni pa wanafunzi wala pa kusimama. Vijana watatu wa mstari wa kwanza wakasimama tangu mpira unaanza, wa pili yake akalazimika, wa tatu akalazimika, ikapanda hivyohivyo mpaka kwetu na kutupita. Mama mkwe kakaa kwenye lile benchi la aluminiamu, kajifunika kanga juu ya koti, mbele yake ukuta wa migongo. Akawa ananiuliza wamefunga? Namwambia bado mama. Wamefunga sasa? Hao ni wengine mama. Cha ajabu mapumziko ndio aliona kila kitu, kwa sababu watu wote walienda kununua hodogi na seksheni ikabaki nyeupe, akamwona mjukuu wake kuanzia mwanzo mpaka mwisho, akapiga na vigelegele, jamaa mmoja wa mbali akageuka akacheka. Kwota ya tatu, yaani robo ya tatu ya mechi, migongo ikarudi.

Nikamfuata mhudumu wenu mwenye kizibao cha njano. Kijana mwenye adabu, sina ugomvi naye, akaniambia samahani mzee siwezi kumlazimisha mtu akae na siwezi kumlazimisha asimame, tuma meseji kwa namba iliyopo nyuma ya tiketi. Nikatuma. Jibu likaja haraka kweli: asante kwa kutujulisha. Basi. Na kwenye ile sikrini kubwa mkaweka tangazo tuwe waungwana tuwajali walio nyuma yetu. Mheshimiwa, hilo tangazo halisaidii mtu, kwa sababu aliyesimama naye anajiona muungwana, anaishangilia timu! Uungwana hauwezi kugawa viti, viti vinagawanywa na anayeviuza.

Angalia wenzenu. Texas A&M wanafunzi wanasimama mechi nzima pale uwanjani kwao Kyle Field na hakuna anayeshangaa, na wana sababu yao ya tangu tarehe 2 Januari 1922, siku hiyo walikuwa Dallas wanacheza na Centre College, wachezaji wao wanaumia mmoja baada ya mwingine, akaitwa kijana anaitwa E. King Gill aliyekuwa huko juu kwa waandishi wa habari ashuke avae jezi akae tayari pembeni. Hakuingia hata dakika moja, wakashinda 22-14 bila yeye, lakini ule utayari wake ndio wanafunzi wanaukumbuka kwa kusimama mpaka leo. Sasa ukinunua tiketi upande wa wanafunzi kule halafu ulalamike miguu, hilo ni lako. Au pale Iowa, tangu 2017 kwota ya kwanza ikiisha uwanja mzima unageuka kuwapungia watoto waliolazwa hospitali ya jirani, wazee kwa vijana, na sijasikia mtu akasema kaeni chini. Watu hawachukii kusimama. Wanachukia kuviziwa.

Hata kwetu jambo hili sio geni. Ukienda Uwanja wa Mkapa siku ya Simba na Yanga, mtu wa mzunguko anajua anaenda kufanya nini, ngoma, vuvuzela, hakuna kukaa, na wa VIP A anajua amelipia kukaa na kivuli, bei ni tofauti, geti ni tofauti, na anayechagua mzunguko hamnunii jirani yake anayeruka. Sisemi kila kitu kule kiko sawa, foleni ya getini siku ya watani ni habari nyingine kabisa, lakini hilo la nani anasimama wapi mtu analijua kabla hajatoa hela mfukoni.

Na hela tuongee kidogo. Hao wazee wa katikati ya uwanja hawalipi tiketi peke yake, wanatoa na mchango kwa idara yako kila mwaka ili wabaki na viti vyao, na tangu ile sheria ya kodi ya 2017 mchango huo hawaupunguzii tena kwenye kodi kama zamani, kwa hiyo wanaumia mara mbili halafu mnawaweka nyuma ya watu waliosimama. Siku wakichoka hawatakuandikia barua ya wazi, wataacha kulipa kimyakimya na utabaki unashangaa kwa nini katikati kuna mapengo kwenye TV.

Kuna na watu wa viti vya magurudumu, na hapa sio suala la uungwana tena, ni sheria. Viwango vya 2010 vya ADA, sheria ya Marekani ya haki za watu wenye ulemavu, vinasema uwanja mpya au unaokarabatiwa, kama watazamaji wanategemewa kusimama, mwenye kiti cha magurudumu lazima aweze kuona juu ya hao waliosimama. Sasa ofisi yako ikisema rasmi seksheni fulani ni ya kusimama, ndio mtajua nafasi zenu za magurudumu ziko sawa au haziko sawa. Wasiwasi wangu ni kwamba ndio maana hamtaki kusema. Michigan, uwanja wa watu zaidi ya 107,000, walishtakiwa na chama cha maveterani waliopooza, serikali kuu ikajiunga na kesi, wakaja kumalizana 2008 kwa kukubali kuongeza nafasi. Afadhali mpime wenyewe mapema.

Halafu tofautisha kusimama chini na kusimama juu ya benchi. Vijana wako wanapanda juu ya mabenchi, yana unyevu, yana barafu mwezi wa Novemba, mmoja akiteleza anashuka na mistari mitatu. Wisconsin tarehe 30 Oktoba 1993 baada ya kuwafunga Michigan wanafunzi waliteremka kwa pamoja kuelekea uwanjani, vyuma vya mbele vikawabana kisha vikaanguka, watu zaidi ya 70 wakaumia, Mungu saidia hakufa mtu. Waingereza baada ya maafa ya msongamano kwenye uwanja wa Hillsborough 1989, walipopoteza watu 97, walilazimisha viti kila mahali kwenye ligi za juu, ingawa uchunguzi wa wakati ule ulisema kosa kubwa lilikuwa la polisi kushindwa kuongoza watu. Watu wakaendelea kusimama hivyohivyo mbele ya viti, sasa wakawa wanasimama vibaya zaidi, mpaka 2022 ndio klabu chache zikaanza kuruhusiwa rasmi kusimama kwenye seksheni zenye chuma imara kila mstari. Yaani nchi nzima ilichukua karibu miaka 30 kukubali kwamba anayetaka kusimama atasimama, bora umpe mahali pake.

Ninachoomba ni kidogo. Kwenye ramani ya kununulia tiketi pakeni rangi mbili: hapa mechi nzima mnasimama, hapa mnakaa isipokuwa dauni ya tatu ya mpinzani, tachdauni (bao la kuufikisha mpira mwisho wa uwanja) na dakika za mwisho. Iandikwe na kwenye tiketi yenyewe, wahudumu wapewe ruhusa ya kumhamisha anayekiuka, na seksheni ya kusimama iwekwe vyuma kabla mtu hajavunjika. Ile kona yetu mnaweza kuifanya ya kusimama, mimi sina neno, nitahama.

Tiketi za msimu ujao mnaanza kuziuza kabla ya kiangazi kwa hiyo muda mnao. Na jibu naomba liwe la seksheni kwa seksheni, lile la asante kwa kutujulisha tayari ninalo kwenye simu.

Wako,
Baba wa mpiga tromboni