Programu ya Fortran ikianguka, msikimbilie kuongeza safu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niwafikie vijana wa vyuo hapa Tanga wanaochambua vipimo vya mkonge, pamoja na wanaowasaidia. Umeenea ushauri mmoja mbaya: programu ya Fortran (lugha ya kuandikia programu za hesabu) inayogawa vipimo katika makundi ikianguka, ongeza ukubwa wa safu, yaani orodha ya nafasi zenye namba, kutoka 12 hadi 1000, itatulia. Mara nyingi hutulia kweli. Kinachobaki ni histogramu, yaani grafu ya idadi ya kila kundi, ya uongo.

Tuchukue urefu wa singa (nyuzi za mkonge) kuanzia sentimita 60 hadi 120, kila kundi sentimita 5. Hayo ni makundi 12, na wengi huandika hivi, x ikiwa ni urefu:

kundi = int((x - 60.0)/5.0) + 1
idadi(kundi) = idadi(kundi) + 1

Singa ya sentimita 120 kamili hutoa kundi la 13, ambalo halipo. Usipoiagiza, gfortran, kompaila inayogeuza msimbo wa Fortran kuwa programu, haikagui mipaka ya safu wakati programu inaendeshwa. Inaandika tu kwenye kumbukumbu ya jirani. Programu inaweza kufa papo hapo, au ikafa mbele kabisa kwenye mstari usiohusika, kama ule wa deallocate (wa kuachia kumbukumbu), na mtu akakesha akiukagua mstari usio na kosa.

Upande wa chini ndio wenye hila zaidi. INT haishushi namba, inaikata kuelekea sifuri. Singa ya 58 hutoa -0.4, ikikatwa inakuwa 0, ukiongeza 1 imeshaingia kundi la kwanza kimyakimya. Kwa hiyo kundi hilo linabeba kila kilicho kati ya 55 na 65, upana maradufu ya wenzake, na hakuna kilichoanguka kumshtua mtu. Singa ya 54 iliyokatika kwenye korona, mashine ya kuchakata mkonge, hutoa kundi 0. Ile -9999 inayoandikwa pale kipimo kilipokosekana hutoa -2010. Hapo hata safu ya 1000 haifui dafu, maana faharasa (namba ya nafasi kwenye safu) imepita chini ya 1, siyo juu ya 12.

Kabla ya kugusa msimbo, ukompaili upya:

gfortran -g -Wall -fcheck=bounds -fbacktrace -ffpe-trap=invalid,zero singa.f90 -o singa

Sasa ikianguka kwa kuvuka mipaka itataja mstari, jina la safu na faharasa yenyewe. Ukiona 13, tazama kikomo cha juu. Ukiona -2010, tafuta -9999 kwenye faili. NaN, alama ya thamani isiyo namba halali, ni shauri jingine: ikigeuzwa kuwa namba kamili, kwenye kompyuta za Intel na AMD kwa kawaida hutoka -2147483648, na -ffpe-trap ipo ili isimamishe programu kabla takataka hiyo haijafika kwenye safu. Ukishajua NaN inatoka wapi, iondoe hiyo -ffpe-trap, kwa sababu hata kulinganisha tu namba na NaN kunaweza kuisimamisha programu. -fcheck=bounds iacheni ibaki. Kwa faili za maelfu machache ya mistari, muda unaookolewa kwa kuitoa hauna maana.

Kisha chujeni kabla ya kugawa, na sharti liandikwe kwa kukubali: if (x >= 60.0 .and. x <= 120.0). Ukiligeuza likawa la kukataa, x < 60.0 .or. x > 120.0, NaN inapenya, kwani kila ulinganisho wa aina hiyo na NaN hujibu si kweli. Kwa kilichopita kwenye chujio, min(kundi, 12) inatosha kuirudisha 120 kwenye kundi lake la mwisho.

Halafu kuna implicit none, tamko linalokulazimisha kutangaza aina ya kila jina. Bila hiyo, jina lolote linaloanza na herufi kati ya I na N ni namba kamili, na sisi tunaotaja vigeu kwa Kiswahili tumekaa pabaya: kimo, kina, joto, mvua, jumla, vyote vimo. Mtu anaandika kipande = 0.5 kama upana wa kundi, kompyuta inahifadhi 0, anagawanya kwa sifuri, kisha anailaumu safu.

Usomaji wa faili nao una mtego. Kwa read(10,*), amri ya kusoma mstari wa faili, mikato miwili iliyofuatana haileti sifuri wala kosa. Kigeu kinabaki na thamani ya mstari uliotangulia. Kipeni x thamani ya -9999 kabla ya kila read, na idadi ijazwe 0 kabla ya kitanzi. Vilivyokataliwa vihesabiwe kando: vifupi, virefu, na vibovu. Jumla ya makundi yote pamoja na hivyo vitatu isipolingana na idadi ya vipimo vilivyosomwa, grafu isichorwe.

Msomaji wako,
Chumbageni, Tanga