Malalamiko: kifaa cha kaakaa kilichokosewa

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: KIFAA CHA KUINUA KAAKAA LA MAMA YANGU

Juzi nimepokea kifurushi chenu, wiki ya saba tangu daktari wa meno awaletee kipimo cha kinywa cha mama. Kilichomo sicho tulichoagiza.

Mama ana saratani iliyosambaa. Uvimbe ulio chini ya fuvu umebana mshipa wa fahamu, na kaakaa laini limelegea, halinyanyuki tena kuziba njia ya puani anapomeza au kusema. Akinywa maji, mengine yanamtokea puani. Sauti imekuwa ya king'ong'o. Tangu utotoni ananiita "baba". Siku hizi inatoka "mama", maana pumzi ya kutamkia b inavujia puani. Mara ya kwanza alicheka mwenyewe. Sasa anaandika kwenye daftari.

Fomu ya daktari ilisema wazi: bamba lenye mkia wa kuliinua kaakaa. Ninyi mmeleta lenye kizibo cha mviringo, wanachowekewa waliokatwa kaakaa wakabaki na uwazi. La mama lipo zima, ila halina nguvu. Tulipomjaribishia, kile kidude kiligusa shina la ulimi, akakokomoka hadi machozi yakamtoka.

Nilipopiga simu nikaambiwa nikirudishe, tuingie foleni upya "kama wateja wengine". Kwa aliyeng'oka meno mawili, sawa. Mama hana wiki saba nyingine. Tena hata kifaa sahihi hakizoeleki kwa siku moja: mkia huongezwa kidogo kidogo mpaka koo likubali, na kila marekebisho ni safari ya kliniki kwa mtu ambaye kuvaa viatu tu kunamchosha.

Hakuna aliyetudanganya kwamba kifaa kitaponya saratani. Tunataka anywe maji yakae, na akisema asikike.

Naomba fundi wenu azungumze na daktari kesho, si kupitia kwa mtu wa mapokezi, na kifaa sahihi kifike ndani ya wiki moja. Habari ya fedha tutaongea baadaye. Mkiona hamuwezi, semeni leo na mrudishe ile sanamu ya plasta ya kinywa chake, niipeleke kwingine. Mionzi imemkaza taya. Kupimwa upya hatawezi.

Wenu,
Mwana wa mgonjwa